Nyumba Katikati ya Ziwa la Mpepeto

Mji mdogo wa Mpepeto uko ufukweni mwa ziwa kubwa, lenye maji matamu na samaki wa kila namna. Hayo si maneno yangu. Ni maneno ya kitabu kiitwacho *Historia, Jiografia na Watu wa Miji Yetu*, kilichotolewa na serikali ya Jamhuri ya Shwari, na kama hujawahi kuisikia Jamhuri ya Shwari basi kosa ni lako, maana yenyewe haijaacha kujitangaza. Kitabu kina muhuri wa taifa mbele na picha ya Rais nyuma. Katikati ya vitu viwili vya namna hiyo uongo utapita wapi?

Ziwa lenyewe halionekani. Ukisimama Mpepeto ukatazama kusini, pale kitabu kinaposema maji yalipo, utaona uwanda wa udongo mwekundu, mbuzi, miiba, na mashamba ya mtama yaliyokwisha kata tamaa. Katikati ya uwanda huo utaona nyumba ya matofali ya kuchoma, bati lake limepakwa rangi ya kijani, na uani utamwona Bi Nyamizi akifagia. Kwa mujibu wa ramani iliyo kitabuni, hapo anapofagia ndipo penye kina kirefu kuliko pote.

Bi Nyamizi ni mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mbuzi walio mbali. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, Maziku, tofali juu ya tofali, miaka ile wenzao walipokuwa wakinywa pombe na kuwacheka. Udongo waliuchimba wenyewe. Maji ya kuukandia aliyabeba yeye kichwani kutoka kisima cha Ng'ambo, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Maziku amezikwa nyuma ya nyumba, na kando ya kaburi lake pameachwa nafasi ya mtu mmoja. Mtoto hawakujaliwa. Bi Nyamizi haombi kingine duniani isipokuwa afie ndani ya nyumba ile na alazwe kwenye nafasi ile, na mambo nitakayoyasimulia yalitokea kwa sababu ya ombi dogo kama hilo.

HISTORIA YA MJI, KWA UFUPI

Asiyeijua desturi ya Mpepeto hataelewa chochote, kwa hiyo tuanze nayo. Mjini Mpepeto mgeni hapingwi. Mgeni akisema mbuzi huyu ni kondoo, utamchunga huyo mbuzi kama kondoo mpaka mgeni avuke Korongo, yaani lile korongo kavu lililo mpakani mwa mji, upande wa barabara kuu. Akishavuka, watu hukaa chini wakampinga. Humpinga kwa nguvu, kwa mifano, kwa vicheko, neno baada ya neno tangu salamu yake hadi kwaheri. Hakuna mahali duniani ambapo wageni hupingwa vizuri kama Mpepeto, ila tu wageni wenyewe hawajawahi kupata nafasi ya kusikia.

Desturi hii imeujenga mji. Zamani alikuja mtu mwenye kofia ngumu na bendera, akakaribishwa, akachinjiwa. Akiwa bado na mfupa wa paja mkononi, akauliza: "Nchi hii naona haina mwenyewe. Au siyo?"

Wazee, ambao ndio waliokuwa wenyewe, walitazamana.

"Haina, bwana," wakajibu.

Walikusudia kumpinga akishavuka Korongo. Mgeni hakuvuka. Alikaa mpaka wajukuu wa wazee wale wakawa wazee, na muda wote huo, kwa kuwa bado alikuwa mgeni, hakupingwa hata siku moja. Alipoondoka hatimaye, kwa gwaride na nyimbo, Wapepeto walikusanyika wakaanza kumpinga kwa hamu ya miaka mingi. Walikuwa ndio kwanza wanaifikia ile hoja ya nchi kuwa na mwenyewe wakati honi zilipolia barabarani. Serikali mpya ilikuwa imefika, na ilikuwa na njaa.

Najua kuna msomaji atakayesema, mbona ipo methali kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Wapepeto wanaijua methali hiyo na wanaiheshimu. Lakini wageni wao huja na magari, na mtu aliyeshuka garini amevaa suti utamkabidhije jembe?

ZIWA LILIVYOPATIKANA

Ziwa la Mpepeto liligunduliwa barazani kwa Bi Nyamizi, mchana wa jua kali, Maziku angali hai. Mgunduzi alikuwa Mpima wa serikali, mtu mnene, mpole, aliyetumwa aizunguke wilaya nzima kwa miguu na kuchora kila alichokiona. Akaona heri akae mahali pamoja aone kila kitu kutoka hapo. Akachinjiwa jogoo. Alipokwisha kula, akauinua uso wake ulioshiba na kutazama nje. Joto lilikuwa likiitetemesha hewa na uwanda wote ulikuwa ukimetameta.

"Kumbe mna ziwa," alisema Mpima.

Maziku alikuwa ameinama, ameshika birika, akimnawisha mikono. "Ndiyo, bwana," alisema.

"Kubwa?"

"Kubwa, bwana."

"Na samaki?"

"Samaki wapo, bwana. Tele."

Bi Nyamizi alikuwa jikoni. Aliukunja upindo wa khanga akauziba mdomo wake nao ili kicheko kisimfikie mgeni. Mpima akatandika karatasi yake juu ya goti, akachora ziwa. Penseli ilikuwa butu na mkono ulikuwa na mafuta, kwa hiyo ziwa likatanda hadi kwenye baraza, likaimeza nyumba, na pale tone la mchuzi lilipodondoka pakawa ghuba.

Jioni ile Mpima alipovuka Korongo, Maziku alilipinga ziwa mbele ya mji mzima, kwa sauti ya Mpima na tumbo la Mpima, watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Bi Nyamizi alimpenda sana mumewe jioni ile. Mwaka uliofuata Maziku akafariki kwa homa, na baada yake kikatoka kitabu.

SHUGHULI ZA UCHUMI

Kitabu kilibadilisha maisha ya Mpepeto, na wanaodai kwamba serikali ya Shwari haifuatilii maandishi yake ni wachochezi. Ombi la kuchimbiwa kisima, ambalo lilikuwa limekaa wizarani kwa muda mrefu likisubiri kukataliwa, lilikataliwa upesi: mji ulio ufukweni hauchimbiwi kisima. Badala yake ukaletewa boti nyekundu ya kuokolea watu. Kuku wa Mwenyekiti wa mji, Bwana Masalu, waliipenda sana, wakawa wanaatamia humo.

Halafu wakaja watu wa kodi kuuliza ushuru wa samaki uko wapi. Mwenyekiti Masalu, akijua kwamba ni wageni na bado hawajanawa mikono, aliwajibu kwamba samaki wanakuja. Wapepeto wakachanga, wakaenda gulio la mbali, wakanunua magunia ya dagaa, wakayapeleka wilayani kama mavuno. Afisa aliyeyapokea aliandika katika taarifa yake kwamba ziwa la Mpepeto ndilo pekee nchini linalotoa samaki waliokwisha kaushwa, akapandishwa cheo.

Haya yote Bi Nyamizi aliyavumilia. Alichanga dagaa kama wenzake, akaendelea kwenda kisima cha Ng'ambo na ndoo kichwani, akilikatiza ziwa asubuhi na kulikatiza tena akirudi. Alidhani ziwa lingekaa kitabuni na yeye angekaa nyumbani, kila mtu na kwake.

ONYO

Aliyeleta onyo alikuwa Bwana Anselmi Rwiza, Afisa wa Maji Makubwa wa Wilaya. Alikuja kwa pikipiki, amevaa mabuti ya mpira yaliyomfika magotini, akapiga hodi kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Akaketi, akapewa uji, akaunywa wote. Kisha akasema, "Mama, unajua kwamba unaishi ziwani?"

Bi Nyamizi alitazama vumbi lililokuwa juu ya mabuti ya mgeni. "Ndiyo, baba," alisema.

"Ndani kabisa, mama. Kwenye kina. Sasa serikali yako inakupenda, haiwezi kukutazama tu ukizama. Sheria inasema mtu yeyote asijenge ndani ya ziwa. Nyumba itabomolewa, na wewe utapewa kiwanja ufukweni."

"Ufukweni ni wapi, baba?"

Bwana Rwiza akanyoosha kidole kuelekea kilima cha mawe nyuma ya mji, mahali ambapo hata mbuzi huteleza. "Pale. Mandhari yake ni nzuri sana."

"Na marehemu?" aliuliza Bi Nyamizi. Sauti ilimtoka ndogo. "Mume wangu yuko hapo nyuma."

"Tumemfikiria," alisema Bwana Rwiza kwa huruma. "Kaburi litawekewa boya, boti zisije zikaligonga."

"Asante, baba," alisema Bi Nyamizi, maana angesema nini? Mgeni alikuwa bado na kikombe mkononi. Alipomaliza, alichora alama ya X ukutani kwa rangi nyekundu, akaomba maji ya kusuuza brashi, akapewa. Akapewa na mayai ya njiani.

Alipovuka Korongo, Bi Nyamizi aliingia ndani akajifungia, akalia kwa sauti.

SAFARI YA WILAYANI

Alipotulia alipata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mwenyeji hampingi mgeni. Lakini je, yeye akienda wilayani si atakuwa yeye ndiye mgeni? Huko atasema atakalo, na wao ndio watakaoitikia ndiyo, bibi. Akavaa khanga mpya, akafunga safari.

Alisahau jambo moja tu, kwamba watu wa wilayani si Wapepeto.

"Baba," alimwambia Bwana Rwiza ofisini kwake, akiwa wima mbele ya meza, "ziwa hilo halipo."

Bwana Rwiza aliiweka kalamu chini taratibu. "Lilikuwapo?"

"Halikuwapo tangu dunia iumbwe."

"Hapa umekujaje, mama?"

"Kwa miguu."

"Kutoka nyumbani kwako?"

"Kutoka nyumbani kwangu."

"Umetembea juu ya maji?"

"Nimetembea juu ya udongo, baba."

Bwana Rwiza akasimama, akafunga mlango, akarudi kuketi. "Mama, nisikilize kwa makini. Ziwa ni mali ya taifa. Kama lipo, wewe umelivamia, na adhabu yake ni kuhamishwa, basi. Kama halipo, maana yake limepotea, na limepotea mikononi mwa yule aliyekuwa akikaa ndani yake peke yake miaka yote hii. Kupoteza ziwa la taifa ni uhujumu, mama. Watu wamefungwa kwa kupoteza baiskeli ya ofisi. Wewe unataka lipo au halipo?"

"Halipo," alisema, lakini safari hii alisema kwa woga.

"Lisemwalo lipo, mama, na kama halipo linakuja. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni." Kisha afisa yule akamsogelea, akainamisha kichwa, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine kabisa. "Mama yangu. Nimefika kwako. Macho ninayo. Nilipovua yale mabuti yalikuwa na mchanga hadi ndani. Lakini mimi ni Afisa wa Maji Makubwa, nina watoto wanaosoma. Lisipokuwapo ziwa na mimi sipo. Anayeweza kulifuta ni mmoja tu, Mheshimiwa Waziri. Yuko njiani kuja kulizindua. Atapita nyumbani kwako, hiyo imo kwenye ratiba. Mwambieni yeye, kwa midomo yenu, wenyeji. Akilisikia neno hilo kwa mwenyeji, katapila litarudi lilikotoka. Mimi nitakuwa nyuma yake, na sitasema kitu."

Bi Nyamizi alimshukuru mpaka akapiga goti. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiongea peke yake.

WATU WA MPEPETO NA TABIA ZAO

Watu wa Mpepeto, kinasema kitabu, ni wakarimu, wapole na wenye umoja. Hapo kitabu hakikukosea, na Bi Nyamizi aliuona ukarimu huo, upole huo na umoja huo wote kwa pamoja alipouita mji kwenye kivuli cha mashine ya kusaga na kuwaeleza.

Walimsikiliza hadi mwisho. Wengi walifuta machozi. Mama Kabula, jirani yake tangu walipokuwa wasichana, alimshika mkono na hakuuachia.

"Tutamwambia, dada," alisema Mwenyekiti Masalu, akijigonga kifua. "Nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Tutamwambia Waziri kwamba hakuna ziwa, wala tone, na Mpima alikuwa amelewa mchuzi."

"Tutamwambia!" waliitikia watu.

"Asanteni, ndugu zangu. Mtamwambia akifika tu, au baada ya hotuba?"

Mwenyekiti alikohoa. "Akishavuka Korongo," alisema.

"Masalu! Akishavuka mimi nitakuwa sina nyumba."

"Ndiyo, dada. Lakini umpinge mgeni hajavuka? Waziri mzima? Hata hajanawa?"

"Sisemi umtukane. Useme tu, mheshimiwa, hapana."

Neno lile liliwashtua. Mzee mmoja aliinua fimbo yake kana kwamba amesikia nyoka. Mama Kabula akauachia mkono aliokuwa ameushika.

"Nyamizi, mwenzangu," alisema kwa upole, "nyumba itabomolewa, tutakusaidia kujenga nyingine. Adabu ikibomoka nani ataijenga?"

Hapo Bi Nyamizi alikasirika, na hasira yake ilikuwa na haki. "Nyinyi si watu wa adabu," aliwaambia kwa ile sauti yake ya mbuzi wa mbali, ikawafikia hata waliojificha nyuma ya mashine. "Ni waoga mliojifunika adabu kichwani mkidhani hamwonekani. Babu zenu waliigawa nchi kwa mdomo uliojaa nyama, na nyinyi mnanigawa mimi! Kaeni na ukarimu wenu. Nitamwambia mwenyewe."

Hakuna aliyempinga. Aliondoka, na kwa siku zilizobaki alifanya mazoezi mbele ya mbuzi wake. "Mheshimiwa," aliwaambia, "hapa hakuna ziwa. Hii ni nyumba yangu na lile ni kaburi la mume wangu." Mara ya kwanza alitetemeka. Baadaye alisema bila kutetemeka, hata akaongeza maneno mengine makali ambayo hayakuwa ya lazima, na mbuzi walikubaliana naye moja kwa moja.

UZINDUZI

Mheshimiwa Waziri wa Maji Makubwa, Visiwa na Mengineyo aliwasili na msafara wa magari, amevaa suti nyeusi na juu yake jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho ya uchovu. Alipanda jukwaani, akafunuliwa hotuba.

"Ndugu wananchi wa mwambao wa Mpepeto!" alisoma. "Zipo nchi zenye mafuta. Zipo nchi zenye dhahabu. Sisi Mungu alituangalia, akaona kwamba mafuta yatatuchafua na dhahabu itatugombanisha, akatupa maji! Wapo wapinga maendeleo wanaouliza, maji hayo yako wapi? Nawajibu: maji ni uhai, na uhai hauonekani kwa macho! Je, nani kati yenu amewahi kuuona uhai wake?"

Hakuna aliyewahi. Makofi yalipigwa kwa muda mrefu.

Kisha ratiba ilisema Waziri atapanda boti na kulizunguka ziwa. Kuku waliondolewa, boti ikapanguswa, Waziri akaketi mbele na maafisa wawili nyuma yake wenye makasia. Vijana wa mji wakaingiza mabega chini yake, wakainyanyua, wakaanza kuivusha uwandani. Maafisa walipiga makasia hewani kwa mpigo mmoja. Kijana mmoja alijikwaa kwenye kichuguu, boti ikayumba, na Mwenyekiti Masalu, aliyekuwa akitembea kando, akapaza sauti: "Wimbi, mheshimiwa! Shikilia!" Mtangazaji wa redio ya taifa aliwaarifu wasikilizaji kwamba ziwa lilikuwa limechafuka kidogo lakini Mheshimiwa hakuonyesha hofu.

Bi Nyamizi alikuwa amesimama uani kwake, mikono ameifumbata, maneno yake yote yamejipanga. Aliiona boti ikija inapanda na kushuka juu ya vichwa vya watoto wa jirani zake. Ikatia nanga mbele ya jiko. Waziri akashushwa. Jasho lilikuwa likimchuruzika hadi kwenye kola, kwa kuwa jaketi lile lina joto jingi. Mji mzima ukamzunguka, na nyuma yake Bwana Rwiza alimtazama Bi Nyamizi, akainamisha kichwa kidogo kumtia moyo.

"Shikamoo, mama," alisema Waziri. Alikuwa na adabu, hilo lazima lisemwe.

"Marahaba, baba."

"Samahani, mama. Naweza kupata maji ya kunywa?"

Hakuna aliyeona ajabu mtu aliye katikati ya ziwa kuomba maji. Bi Nyamizi aliingia ndani, akachota kwenye mtungi maji aliyoyabeba asubuhi ile kutoka Ng'ambo, akatoka, akapiga goti, akampa kikombe kwa mikono miwili kama alivyofunzwa na mama yake. Waziri akanywa akamaliza. Akaomba tena, akaongezewa. Kisha akatulia na kikombe mkononi, akavitazama viatu vyake, vilivyokuwa vyekundu kwa vumbi. Akaitazama ile X ukutani. Akalitazama kaburi. Akamtazama mwanamke aliyepiga goti mbele yake.

"Ziwa zuri hili, mama," alisema polepole. Hakuisoma sentensi hiyo popote. "Au vipi?"

Hata redio ya taifa ilinyamaza. Bi Nyamizi aliuona mlango umefunguliwa kabisa. Alichotakiwa ni kupita tu. Aliyaita maneno yake yale ya mbuzi, yakaja hadi kooni. Lakini mgeni alikuwa kwake, amechoka, ana kiu, amekunywa maji yake, na kikombe chake bado anacho. Goti lake yeye mwenyeji liko chini. Mikono yake imekunjuka inasubiri kukipokea. Mwili wake wote ulikuwa umeshajibu kabla ya yeye kuulizwa.

"Zuri, baba," alisema Bi Nyamizi.

"Na nyumba hii?"

"Nyumba ni yenu, baba. Karibuni tena."

Waziri alishusha pumzi ndefu. Alionekana kushukuru. "Asante, mama," alisema, akamrudishia kikombe. "Wananchi wa namna yako ndio nguzo ya Shwari." Akapandishwa botini. Bwana Rwiza alikuwa akitazama chini, na alipogeuka kuondoka alitembea kama mtu mgonjwa.

BAADA YA KORONGO

Msafara ulipovuka Korongo, Wapepeto walirudi mbio uani kwa Bi Nyamizi kumpinga Waziri. Sijui kama aliwahi kupingwa mgeni namna ile. Mwenyekiti Masalu alichota udongo konzi nzima akasema kama haya ndiyo maji basi tuoge. Mama Kabula alisimama juu ya kinu, akaibomoa hotuba sentensi kwa sentensi, hata pale kwenye uhai, na alizungumza vizuri kiasi kwamba angesikika redioni serikali ingeanguka kabla ya taarifa ya habari. Watu walimpigia vigelegele. Wengine walilia kwa hasira ya kweli.

Bi Nyamizi alikaa kizingitini, amekipakata kile kikombe. Alitaka kuwachukia, akajikuta hana mahali pa kuanzia. Alimkumbuka Maziku alivyoinama siku ile, na kwa mara ya kwanza hakuona la kuchekesha.

"Nawe sema lako, dada," alimwambia Mwenyekiti. "Sasa ni ruksa. Sema!"

"Mimi nimeshasema," alijibu.

Katapila lilifika asubuhi, likinguruma, likiacha njia pana katikati ya ziwa. Majirani walikuwa wamekwisha mtolea vitu nje: kitanda, sanduku la nguo, masufuria, kuku wamefungwa miguu. Walifanya kazi hiyo kwa upendo na kwa uangalifu mkubwa, hata kijiko hakikupotea. Dereva alizima mtambo, akashuka. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, ametoka mbali, ameendesha kwenye umande.

"Habari za hapa, mama."

"Njema, baba. Umekunywa chochote?"

Hakuwa amekunywa. Bi Nyamizi alikoka moto kwenye mafiga ya nje, akampikia uji, akamtafutia na sukari kidogo ndani ya vyombo vilivyofungwa. Dereva aliunywa ameketi kwenye kizingiti, akipuliza, akikohoa. Alipomaliza alishukuru, akasimama, akaizunguka nyumba akiupapasa ukuta kwa kiganja, kama fundi anavyofanya.

"Nyumba imara hii," alisema. "Huyu aliyeijenga alijua kujenga. Itanisumbua." Akakuna kichwa. "Sijui nianzie wapi, mama."

Bi Nyamizi alikuwa anaosha bakuli la mgeni. Alinyanyua macho, akaitazama nyumba yake toka msingi hadi bati, na kabla hajauzuia, mdomo wake ulikuwa umeshasema.

"Anzia huku upande wa jikoni, baba," alimwambia. "Hapa matofali hayakuiva vizuri."